Gunzi kwenye Tangi la Baba

Juzi pale Kitale fundi wa gereji aliniuliza, "Mama, mzee yuko wapi nimwelezee?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake. Mtoto alikuwa mgongoni, ufunguo ulikuwa mkononi, gari ni langu na kabichi zilizokuwa zinanyauka kule nyuma ni zangu. Mzee gani sasa? Nilimwambia mzee ndiye huyu unaongea naye, sema. Akawaangalia wenzake, wakacheka kidogo, kisha akatoa dawa ya wiki hiyo: kabureta. Wiki iliyotangulia ilikuwa plagi, na kabla ya plagi ilikuwa koili. Vyote nilibadilisha, na pikapu bado ilitetemeka kama mbwa aliyenyeshewa. Ukitoa tu mguu kwenye mafuta, puu, imezima, na wewe uko katikati ya barabara na lori linakupigia honi kana kwamba umeamua kulala hapo.

"Hata hujaniuliza inazima wakati gani," nilimwambia.

"Mama, hizi gari za zamani tunazijua."

Nilifunga boneti mwenyewe, kwa nguvu, mpaka mtoto akashtuka. Nilimkalisha mtoto kwenye kiti cha abiria, nikaingia, nikawasha ili niondoke. Na hapo, nikingoja injini ishike, kule kutetemeka kukapanda kutoka kwenye kiti hadi kwenye meno. Kijiti cha gia kikaanza kugonga. Mlango wa kushoto ukaanza kulia ule mlio wake. Ghafla nilikuwa na miaka tisa, niko Naitiri, na tumbo langu limejaa uongo. Sikuondoka. Nilizima gari nikakaa hapo hapo mbele ya gereji ya watu, nikiwa na hasira ambayo haikuwa ya yule fundi peke yake.

Wacha nikuambie, maana wewe uliyekulia pande hizo utanielewa haraka.

Pikapu hii ni ile ile ya baba. Alipofariki iliniangukia mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Wakati ule pia ilikuwa imezeeka, lakini nyumbani kwetu ilikuwa kama mtu wa familia. Tuliisikia ikiwa bado kule ng'ambo ya mto, na Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa anasukuma chai kwenye moto bila kuambiwa. Baba akizima injini, sufuria inatokota. Chai ilikuwa na maziwa mengi na moshi kidogo, na viazi vitamu vilikuwa chini ya majivu. Kama umekunywa chai ya aina hiyo, hii ya sasa ya majani ya pakiti ndogo yenye uzi unaiona tu kama maji ya kuoshea kikombe.

Msimu ninaoukumbuka ulikuwa wa kuvuna. Mahindi yalikuwa kila mahali, uani, barazani, hata chini ya kitanda nilicholalia. Tulipukuchua mpaka vidole gumba vikatoka malengelenge, kisha tukaendelea na viganja. Magunzi yalirundikana nyuma ya jikoni kama kilima. Na gunzi kwetu lilikuwa na kazi nyingi. Lilikuwa kuni. Lilikuwa kizibo cha jerikeni la maji, cha mtungi wa maziwa, cha chupa ya mafuta taa. Lilikwenda hata chooni, usijifanye hujui. Mtoto wa Naitiri akiona tundu lolote lililo wazi, mkono wake unatafuta gunzi wenyewe.

Petroli baba aliiweka kwenye jerikeni, na kujaza tangi ilikuwa sherehe ya watu wawili. Yeye alimimina kupitia kitambaa. Mimi nilishika kifuniko. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kufungua, kushika na kufunga, na ilikuwa yangu peke yangu kwa sababu nilikuwa kifungua mimba. Tundu la tangi lilikuwa upande wa kushoto, nyuma ya mlango wa abiria. Baba akimaliza kumimina alikwenda zake upande wa dereva bila kuangalia nyuma. Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Siku moja ndama aliingia kwenye mahindi yaliyoanikwa. Nilikiweka kifuniko juu ya bampa ya nyuma, nikakimbia kumfukuza. Niliporudi, baba alikuwa ameshaondoka, na vumbi tu ndilo lililobaki. Nilitafuta kile kifuniko barabarani mpaka mtoni. Nilitafuta kwenye nyasi, kwenye mtaro, nikawauliza hata wachunga ng'ombe. Hakikuwepo. Pikapu iliporudi jioni nilichagua gunzi nene, nikalifunga kwa kipande cha karatasi ya nailoni, nikalizungusha ndani ya lile tundu mpaka likakaza. Lilikaa vizuri kuliko kifuniko chenyewe. Sikumwambia mtu. Kila baba alipokuja na jerikeni, nilikuwa nimeshalichomoa na kulificha ndani ya ngumi nyuma ya mgongo. Alipomaliza nililirudisha.

Sasa sikiliza. Wiki moja kabla ya mimi kupoteza kifuniko, pikapu ilikuwa imekwenda kwa fundi wa Kamukuywa kusafishiwa kabureta. Huyu fundi alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kutoka familia iliyohamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati zamani sana, na Kibukusu, lugha yetu, alikiongea kutushinda sisi watoto. Karakana yake ilikuwa mabati manne na shimo la kusimama chini ya gari. Alikuwa na desturi yake: hakugusa gari kabla ya kukuuliza maswali matatu. Inazima ikiwa baridi au ikiwa moto? Inazima ikisimama au ikikimbia? Na kabla haijaanza huu ugonjwa, ni nini kilibadilika? "Niambie kwanza, spana baadaye," alikuwa anasema, na wateja wenye haraka walimchukia kwa hilo. Akimaliza kazi, aliweka punje moja ya mahindi juu ya injini ikiwa inanguruma polepole. Punje ikitulia, anakupa ufunguo. Ikicheza na kuanguka, hakupi. Siku hiyo nilikuwa na baba, na niliiona ile punje kwa macho yangu. Ilitulia kama imegundishwa.

Kwa hivyo wiki chache baadaye, pikapu ilipoanza kutetemeka na kuzima kila ikisimama, baba hakuwaza mara mbili. Alisema fundi amemchezea. Ati amechukua kabureta nzuri, akaweka nyingine ya kuokota. Alikwenda Kamukuywa akamwambia hivyo mbele ya watu. Fundi akamjibu, "Ilete niisikilize." Baba alikataa. Alirudi nyumbani akitukana njia nzima, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake nikiangalia magoti yangu.

Je, nilijua? Nitakuambia ukweli kwa sababu nimechoka kujidanganya. Kila nilipochomoa gunzi niliona nailoni imechanika zaidi, na gunzi lenyewe limekuwa jembamba. Vidole vyangu vilibaki na vile vijisehemu vyekundu vyekundu vinavyotoka kwenye gunzi ukilisugua. Nilitupa lile na kuweka jingine. Mtoto wa miaka tisa hajui kabureta ni nini. Lakini anajua kitu kinapopungua, kimekwenda mahali.

Na mama alikuwa mjamzito. Nesi wa zahanati alikuwa amempapasa tumbo akasema mtoto ametanguliza miguu, na kwamba uchungu ukianza tu, akimbizwe hospitali kubwa ya Kitale, asijaribu kuzalia nyumbani. Baba alisema gari lipo. Kila mtu alisema gari lipo. Mimi ndiye niliyekuwa silali.

Uchungu ulianza asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Mama aliweka chini ungo aliokuwa anapepetea maharagwe, akashika ukuta, akasema, "Ni leo." Baba alikimbia kuleta jerikeni. Mama aliingia mbele kushoto, nami nikasimama nyuma tu ya mlango wake, nikachomoa gunzi, baba akamimina, nikarudisha gunzi. Kukhu alinipandisha nyuma tukakaa juu ya magunia, akaanza kuomba kwa sauti, akimwita Mungu kama mtu anayemwita jirani aliye ng'ambo ya shamba.

Ikikimbia ilikuwa sawa. Baba alijua hivyo, kwa hiyo hakutoa mguu kwenye mafuta. Tuliruka kila shimo, na katika kila shimo tulimsikia mama. Tulipita shule, tukapita kanisa, tukapita posho mill ambayo ilikuwa inasaga na watu wakageuka kutuangalia. Karibu kilomita moja kabla ya Kamukuywa kuna daraja jembamba, na juu ya daraja kulikuwa na ng'ombe. Hawakuwa wengi. Lakini ng'ombe hana haraka na mtu yeyote. Baba alilazimika kupunguza. Injini ikaguna, ikatikisika mara tatu, puu.

Kimya cha gari lililozima na mtu anaumwa ndani yake, sikuombei ukisikie.

Baba aliwasha. Ikashika, akatoa mguu atie gia, ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Kisha betri ikaanza kuchoka. Watu walitokea, sijui huwa wanatoka wapi, na boneti ikafunguliwa, na kile kikao cha wanaume kikaanza. Wewe unakijua hicho kikao. Boneti ikishainuliwa, kila mwenye suruali ni fundi.

"Hiyo ni plagi, bana. Toa plagi uchome na moto."

"Plagi wapi! Si unasikia inamisi, inarukaruka? Hiyo ni koili."

"Mimi ya shemeji yangu ilifanya hivi hivi, ilikuwa pampu."

"Shemeji yako ana gari?"

"Alikuwa nayo!"

Wakacheka. Nakuapia walicheka. Mama alikuwa ameegemea dashibodi, jasho linamdondoka kidevuni, na wanaume saba walikuwa wanabishana kuhusu gari la shemeji wa mtu. Hakuna aliyemuuliza mama anaendeleaje. Hakuna aliyemuuliza baba tatizo lilianza lini. Hadi leo nikiona boneti imezungukwa, damu yangu inachemka.

Utaniuliza kwa nini hatukusimamisha gari lingine. Lipi? Haikuwa siku ya soko. Lililopita lilikuwa trekta la miwa, na lilikuwa linaelekea tulikotoka.

Kukhu alishuka, akamvuta baba kwa shati. "Muite fundi wako. Yuko hapo tu."

"Yule mwizi? Gali aliharibu yeye!" Baba akikasirika ulimi wake ulirudi nyumbani kabisa.

"Basi aje atengeneze alichoharibu."

"Sitaki mkono wake kwa gari yangu."

Ndipo mlango wa kushoto ukafunguka. Mama alishuka polepole, mkono mmoja chini ya tumbo, akajifunga leso vizuri, akaanza kutembea. Alipiga hatua nne, tano. Hakupiga kelele. Alisema tu, bila kugeuka, "Nyinyi bakini na gari. Mimi naenda Kitale." Kisha uchungu ukamkamata akachuchumaa katikati ya daraja, kati ya ng'ombe.

Kukhu akanigeukia. "Wewe, kimbia. Mwite fundi."

Nilikimbia. Njia yote nilikuwa najiambia, nikifika nitamwambia. Nilimkuta amekaa juu ya tairi anakunywa uji. Nilisema, "Mama anazaa, gari imezima darajani," na hapo pumzi ikaisha. Hakusema baba yako alinitukana. Aliweka kikombe chini, akachukua mfuko wake wa spana, akanipandisha nyuma ya baiskeli yake, akaanza kukanyaga.

Na akaniuliza mimi. Hebu fikiria, mtu mzima, fundi, ananiuliza mimi mtoto kama vile nilikuwa mwenye gari.

"Inazima ikiwa baridi au moto?"

"Zote mbili."

"Ikisimama au ikikimbia?"

"Ikisimama. Ikikimbia iko sawa."

"Vizuri. Unaona mambo." Akakanyaga kidogo. Nilikuwa naona mgongo wake tu, shati lake la bluu lenye madoa ya grisi, na lilinukia sabuni ya kipande. "Sasa niambie. Kabla haijaanza kutetemeka, nini kilibadilika kwa hiyo gari? Hata kitu kidogo."

Hapakuwa na mtu mwingine barabarani. Baba hayuko, Kukhu hayuko, ni yeye na mimi na mlio wa cheni. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi.

Nikasema, "Hakuna."

Hakuuliza tena.

Alipofika darajani aliwaambia wale wanaume, "Zimeni midomo, tuwashe gari." Walilisukuma, likashika. Alimwambia baba akanyage mafuta bila kutoa mguu. Injini ilinguruma vizuri kabisa. "Achia." Ikatikisika, ikakohoa, ikazima. Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Alisema ikikimbia inakunywa kupitia njia kubwa, na njia kubwa haina shida. Ikisimama inakunywa kupitia katundu kadogo kama ka sindano, na hako ndiko kamezibwa. Hakugusa plagi wala koili. Alifungua sehemu moja ndogo ya kabureta, akaitoa, akaielekeza juani na kufumba jicho moja. "Hakuna mwanga," akasema. Aliitia mdomoni, akapuliza mashavu yakajaa, akatema petroli chini, akapuliza tena. Kisha akakigonga kile kisehemu kwenye kiganja.

Vijisehemu vyekundu.

Niliviona kutoka nilikokuwa. Alivisugua kwa kidole gumba, akavinusa. Mtu aliyeishi kati ya mahindi maisha yake yote hahitaji kuambiwa hicho ni nini.

"Mzee, filta yako ya petroli iko wapi?"

"Niliitoa," baba akasema. "Ilikuwa inaziba ziba."

Mmoja wa wale wanaume akacheka. Fundi hakucheka. "Kwa hiyo uchafu wote unaenda moja kwa moja. Na kifuniko cha tangi kiko sawa?"

Lakini nilikuwa nimeshaondoka pale. Alipotamka filta nilizunguka gari, na alipotamka kifuniko gunzi lilikuwa limeshachomoka mkononi mwangu na kwenda mtoni. Sikulisikia likianguka. Baba alikuja akakuta tundu liko wazi, petroli inang'aa ndani.

Uso wake sijausahau. Ulikuwa kama umepata sherehe. Hakukumbuka hata kuniuliza mimi, niliyekuwa na kazi ya kifuniko.

"Aaa! Hata kifuniko umekula!" Alikuwa anapiga kelele mpaka mtu wa posho mill akasikia. "Mnaona? Kabureta ameiba, kifuniko ameiba, sasa anajifanya kutengeneza! Mwizi! Mwizi huyu!"

Wale wanaume wakaanza kunung'unika. Unajua neno hilo linafanya nini kwa watu pande zetu. Fundi alisimama na ile mikono yake ya grisi, akamwangalia baba. Kisha akaniangalia mimi. Aliangalia uso wangu, halafu mkono wangu, ambao ulikuwa unanuka petroli na ulikuwa na wekundu kwenye vidole. Aliangalia kwa muda ambao ungetosha mtu kusema kila kitu. Nilifunga ngumi.

"Mpeleke mama hospitali kwanza," alimwambia baba. "Haya maneno yatangoja."

Alirudisha kile kisehemu, akakaza. Alichana kipande cha shati lake mwenyewe, akakikunja mara nyingi, akaziba tundu la tangi, akalifunga kwa ukanda wa mpira wa blada ya baiskeli. Injini ilishika na kutulia. Hakuweka punje ya mahindi, hakukuwa na wakati. Alimsaidia Kukhu kumpandisha mama, akafunga mlango taratibu, na sisi tukaondoka. Nilikuwa nyuma juu ya magunia, na nilimwona akibaki pale darajani katikati ya wale wanaume, akifuta mikono, akizidi kuwa mdogo.

Ndugu yangu alizaliwa adhuhuri, miguu ikitangulia, rangi yake si ya kupendeza, na kwa muda hakulia. Halafu akalia. Kukhu aliketi chini kwenye korido akanyoosha miguu kama msichana. Baba alinunua soda. Kila mtu alifurahi, na mimi nilitapika yangu yote.

Na yale maneno yalingoja. Hakuna aliyeyarudia, isipokuwa baba. Alisimulia sokoni, akasimulia kwenye kikao cha kanisa, akasimulia kila alipobeba abiria, na kila mara hadithi ilinenepa. Watu walianza kupitisha magari yao Kamukuywa bila kusimama. Kwanza mabati mawili yaliondoka, kisha yote manne. Msimu wa kupanda ulipofika, fundi alikuwa amehama na mke wake na watoto, wengine wakasema Moi's Bridge, wengine wakasema mbali zaidi. Nilikuwa darasa la nne. Niliweza kuandika barua. Niliweza kufungua mdomo. Nilimaliza shule ya msingi, nikamaliza sekondari, nikaolewa, nikazaa, baba akafa, na sikufungua.

Basi juzi, mbele ya ile gereji ya Kitale, niliketi nikajiuliza yale maswali matatu, kwa sauti, mtoto akinishangaa. Baridi au moto? Ikiwa moto zaidi. Ikisimama au ikikimbia? Ikisimama. Nini kilibadilika? Nikakumbuka: mwezi uliopita walifungua injini wakabadilisha mkanda wa feni, na baada ya hapo ndipo ikaanza. Nilifungua boneti, nikawasha tena, nikashuka mbio kabla haijazima, nikainama, nikasikiliza. Kulikuwa na mlio mdogo, ssss, kama nyoka. Mpira mmoja wa hewa ulikuwa umechanika pale walipouvuta. Niliufinya kwa vidole viwili na injini ikatulia papo hapo. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wote. Yule wa kuuliza mzee yuko wapi alikuja akachungulia, akasema, "Ai, mama, wewe umejulia wapi?" Niliinamia injini zaidi. Nilikuwa nalia na sikutaka ajue.

Nilipobadilisha ule mpira nilikwenda moja kwa moja Bungoma, kwa mama, ambaye siku hizi anaishi na huyo ndugu yangu aliyezaliwa siku ile. Nilimkuta anachambua mboga. Nilimwambia yote, ndama, kifuniko, gunzi, baiskeli. Nilidhani atashangaa.

"Nilijua," akasema, na hakuacha kuchambua.

"Ulijua nini?"

"Nilikuona kwa kioo cha mlango asubuhi ile. Ukichomoa, ukirudisha."

"Na ukanyamaza? Pale darajani, akiitwa mwizi, ukanyamaza?"

"Pale nilikuwa nazaa."

"Na baadaye? Mama, miaka yote hii?"

Aliinua kichwa. "Baba yako ungemwambia nini wewe? Alikuwa ameshasema kwa kanisa. Angekuvunja mguu, halafu aende kwa wazee kusema alikosea? Baba yako?" Akasukuma sufuria kando. "Nilichagua mtoto wangu. Na wewe una mtoto sasa. Wewe ungechagua nani?"

Nilitaka kumpigia kelele. Nilipiga, kidogo, mpaka ndugu yangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Tungemwambia nini, yeye ambaye kila mwaka siku yake ya kuzaliwa anasimuliwa habari ya yule fundi mwizi kama kichekesho? Tulimwambia hakuna kitu. Mama na mimi, kwa pamoja, sauti moja. Hilo lilinimaliza kuliko yote.

Kurudi Kitale nilisimama Kamukuywa. Daraja limepanuliwa, lina vyuma vya pembeni. Palipokuwa na mabati manne sasa kuna mahali pa kuosha bodaboda, na shimo limejazwa kokoto. Kukhu hayuko. Ile chai haiko, na hakuna anayesikia gari ng'ambo ya mto akajua ni la nani, maana yote yanalia sawa. Na fundi wa kukuuliza kabla ya kushika spana, mimi sijamwona mwingine tena, na najua ni nani aliyetufanya tumkose.

Kando ya barabara, mwanzo wa soko, kulikuwa na mama mzee anauza ndizi. Nilimwamkia, nikamuuliza kama anamkumbuka fundi wa magari aliyekuwa hapo zamani.

"Yule mwizi wa kabureta?" akasema mara moja, hata hakufikiri.

"Hakuwa mwizi, mama."

"Wewe unajuaje?"

Nikamwambia. Nilisimama pale na mtoto mgongoni, nikamwambia mtu nisiyemjua kile ambacho sikumwambia mtu yule kwenye baiskeli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akifukuza nzi kwenye ndizi zake. Nilingoja anitukane, au anihurumie, lolote.

"Sasa mbona unaniambia mimi peke yangu?" akauliza, na kwa kidole akanionyesha soko lote.

Lilikuwa limejaa siku hiyo. Nilikaza leso ya mtoto, nikaanza na muuza nyanya.